Kuinua Gari Nililolilaza

Mtu akikuuliza kwa nini umekata springi za gari zima, huna jibu la kumridhisha. Ama anauona uzuri wa gari lililolala karibu na lami, ama hauoni. Mimi nilikuwa nauona. Asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, nilitoka nje ya nyumba tuliyopanga Kilole, hapa Korogwe, nikasimama tu kulitazama. Mke wangu alikuwa akichungulia dirishani na kuniuliza mwenzangu ameamkaje. Nilimjibu kwamba ameamka salama na anamsalimu. "Ukipenda, chongo utaita kengeza," alisema, kisha akarudi kukoroga uji.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la bei ya chini, la aina ile inayowabeba walimu, wauza mitumba na madereva teksi wa kila mji nchini. Pale sokoni yalikuwa mengi kiasi kwamba siku moja nilihangaika kuzungusha ufunguo kwenye mlango wa gari la mtu mwingine, mwenyewe amesimama nyuma yangu na mfuko wa viazi, ananitazama tu. Jambo hilo liliniudhi kuliko nilivyopaswa kuudhika. Kazi yangu ni kuuza misumari, mabati na saruji katika duka la mtu, na kutwa nzima watu huniita "wewe" au "kijana". Sikutaka na barabarani nako niwe mtu yeyote tu.

Nikaanza na rimu pana, nyeusi. Kisha fundi akakata springi, gari likashuka hadi kidole hakikupita kati ya tairi na bodi. Sailensa niliiondoa, nikafungiwa bomba pana la moshi, na kila nilipoachia mafuta lilitoa mlio wa bisi zinazoruka kwenye sufuria. Viti vya mbele niliving'oa, nikaweka vya mashindano, vile vyenye kingo zilizoinuka zinazokubana mbavu, navyo nikavifunga chini kabisa, karibu na sakafu. Kuketi humo ilikuwa kama kuketi kwenye beseni. Nilikipenda kila kitu, hata beseni.

Tulikuwa kundi la vijana, kila mmoja na chuma chake, tukikutana Jumapili alasiri mahali pa kuoshea magari, upande wa mtoni. Tulifungua boneti, tukabishana kuhusu mafuta na plagi, tukachekana rangi. Mmoja akiwasha, wote tulinyamaza kusikiliza mlio wake, na hapakuwa na ukimya wa heshima kuushinda ule. Sitasema kwamba ulikuwa ujinga. Watu wazima hupenda kusema hivyo juu ya mambo waliyoyaacha, na mara nyingi ni uongo. Nilikuwa na furaha pale, na furaha yenyewe nilikuwa nimeifanyia kazi.

Sasa mama yangu. Anaishi Kang'ata, upande wa Handeni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na bado analima mahindi na mbaazi ingawa magoti yake yamemgomea. Daktari hapa Korogwe alitaka awe anakuja kliniki kila mwezi kwa dawa na mazoezi ya viungo, la sivyo, alisema, ipo siku atashindwa kusimama. Dada zangu wameolewa mbali. Kumleta na kumrudisha kukawa kazi yangu, na kazi hiyo niliitaka mno. Nilitaka mama yangu apande gari la mwanawe, watu waone, na magoti yapone humo humo.

Kutoka Korogwe hadi Handeni mjini ni lami, na gari liliteleza vizuri. Baada ya hapo ni vumbi, mawe, na mifereji iliyochimbwa na mvua ikaachwa ijitawale. Nilikuwa nikiendesha kwa kukwepa huku na huku kama mlevi, na bado tumbo la gari lilikwaruza. Kila likikwaruza nilikunja uso na kusema "samahani." Nilikuwa naliambia gari. Mama, aliyekuwa kando yangu magoti yamemkaribia kidevu, alinyamaza.

Lakini tuliongea. Yaani mimi niliongea. Njia nzima nilimweleza habari za rimu na bomba, na jinsi injini ndogo inavyoweza kupumua vizuri ukiifungulia njia. Nilimweleza ugomvi wa kule mtoni, nani amepaka rangi gani na kwa nini amekosea. Kutoka hapo maneno yalizaa maneno. Nikajikuta namweleza habari za dukani, za tajiri yangu anayenifokea mbele ya wateja, za mimi na mke wangu na mtoto tunayemngoja asiyekuja. Mama alisema "Kumbe!" na "Ehee?" mahali panapofaa. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo. Hata wenzangu wa mtoni hawakuweza, maana kila mmoja wao alikuwa akingoja zamu yake ya kusema.

Tukirudi kutoka kliniki, kabla ya kufika nyumbani kwake, kuna uzio wa michongoma unaozunguka shamba la shule. Hapo mama aliniambia, "Niache hapa hapa, baba, nimsalimie mwenzangu." Nilimwacha. Nakiri nilifurahi, kwa sababu njia kutoka pale hadi mlangoni kwake ilikuwa mbaya kuliko yote. Nilipiga honi, akapunga mkono akiwa ameketi chini ukingoni mwa njia, kama anayepumzika, na mara nyingi aliniambia nitangulie kugeuza gari kule mbele kwenye uwanja, asinicheleweshe. Nikirudi namkuta amesimama wima, kanga imetulia, anatabasamu.

Miezi mingine alinipigia simu. "Mwezi huu usije, baba. Nitapanda pikipiki mpaka Handeni, nichukue basi. Una kazi wewe." Nilimshukuru kwa huruma yake. Siku kama hizo nilizitumia kung'arisha rimu.

Dalili kwamba mambo yanabadilika zilinijia kwa upande nisioutegemea. Jumapili moja kule mtoni alikuja kijana mgeni na gari jipya kuliko yetu yote, limelala kuliko yetu yote. Aliwasalimia wenzangu kwa kugongana ngumi, "Oya, niaje, chuma kimetulia!" Alipofika kwangu akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo," akasema. Nikaitika "Marahaba" kabla sijafikiri. Wenzangu walicheka hadi mmoja akaketi chini kwenye maji ya sabuni. Nilicheka nao, lakini siku hiyo niliondoka mapema, na barabarani nilijitazama kwenye kioo mara nyingi kuliko nilivyotazama nyuma. Miongoni mwa wale tulioanza pamoja, baadhi walikuwa wameshauza magari yao wakanunua viwanja. Nilikuwa nawadharau. Niliwaita wastaafu.

Kisha mjomba wangu, kaka yake mama, akafariki kule Kang'ata.

Tulizika, tukakaa matanga, na siku ya kumaliza msiba watani wakaingia kazini. Kwetu Wazigua ukoo una watani wake, na kazi yao msibani ni nzito na ya lazima. Wanawamwagia maji watu wanaolia kupita kiasi, wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza alivyokuwa akitembea na kukohoa, wanasema hadharani yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema. Na sheria ya utani ni moja: humnunii mtani. Ukinuna, anaongeza.

Mtani wetu mkuu ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa amejipaka unga usoni na kuvaa koti la mjomba. Akamwigiza mjomba akihesabu kuku wake na kumshuku kila jirani, tukacheka hadi machozi, na yalikuwa machozi mazuri. Halafu akavua koti. Akachukua ungo, akaketi chini mavumbini, miguu ameinyoosha mbele, ungo ameushika kwa mikono miwili kama usukani. Akaanza kunguruma. Akapiga midomo: pa! pa-pa! Watoto wakapiga kelele, wakataja jina langu.

Nikacheka. Nilijisikia vizuri hata. Mtu kuigizwa na mtani si jambo dogo.

Ndipo akaja mwenzake, mama mwembamba, amejifunga kanga kama anavyojifunga mama yangu, akaketi mavumbini kando yake na magoti kidevuni. Yule dereva akageuka kwake na kuanza kumweleza, kwa sauti yangu kabisa, mambo ya mabomba na rimu. Yule abiria akaitikia, "Kumbe! Ehee?" huku akiuma meno kila ungo ulipokata kona. Watu walikuwa hawajiwezi. Kisha abiria akainua kidole.

"Niache hapa hapa, baba, nimsalimie mwenzangu."

Akaanza kushuka. Aliweka mkono mmoja chini, halafu wa pili. Akatoka kwa miguu minne, makalio juu, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Akakwama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, aone kama kuna mtu anapita. Akatambaa hadi kwenye michongoma ya kudhania, akaishika, akajivuta, akasimama akitetemeka. Akafuta vumbi magotini na viganjani. Halafu akajinyoosha, akatandaza tabasamu pana, na kupunga mkono. "Asante, mwanangu! Gari zuri!"

Watu wote walianguka kwa kicheko, na katika kicheko kile nilielewa kwamba kila mtu pale alikuwa analijua jambo hili. Wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja walikuwa wamemwona. Waendao kisimani walikuwa wamemwona. Hakuwa na mwenzake yeyote wa kumsalimia pale kwenye uzio. Alichagua mahali penye michongoma ili asitambae mbele ya majirani zake, akanituma nikageuze gari ili asitambae mbele yangu. Nilimtafuta kwa macho kati ya wanawake. Alikuwa akicheka, mdomo ameuziba kwa kanga. Tulipotazamana akaacha kucheka, akatazama mkeka.

Ningependa kusema niliona huruma kwanza. Hapana, niliona hasira. Nilimkasirikia yule mtani, ingawa sheria hainiruhusu, na nikamkasirikia mama zaidi. Kwa nini hakusema? Ni neno gumu gani, "Baba, gari lako linaniumiza"? Nilirudi Korogwe nikikanyaga mafuta, bomba likipasua hewa, na mara ya kwanza ule mlio uliniudhi. Kila ukipasuka nilimwona yule mama mwembamba akiuma meno. Nilipofika nilimweleza mke wangu kwa ukali, nikidhani atanitetea.

"Alikuwa akuambie lini?" aliniuliza. "Wewe mwenyewe ulimwachia nafasi ya kusema?"

Sikuongea naye mpaka kesho yake mchana.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba springi iliyokatwa hairudi. Rimu unabadili, kiti unabadili, lakini chuma kilichokatwa kimekatwa. Fundi aliyenikatia alinicheka alipojua ninachotaka. "Wewe ndiye uliyesimama hapa ukiniambia 'kata tena, bado iko juu'?" Ilibidi tungoje gari la aina ile ile lililopata ajali, tupate springi zake. Tulipozipata na kuzifunga, gari liliinuka taratibu juu ya jeki, na lilipotua lilisimama juu, jembamba, kama mtu aliyenyolewa vibaya. Nikarudisha viti vya kawaida, vya kitambaa, na rimu ndogo za bati. Mwisho nikarudisha sailensa. Fundi akawasha, nami nikauliza kama limezimika.

Wale wa mtoni walilipokea kama msiba. "Mzee baba, umetuacha," walisema, na mmoja akalivulia gari kofia. Bomba langu alilichukua yule kijana wa shikamoo. Mchana mmoja nilikuwa dukani nikimpimia mtu misumari, nikasikia mlio wangu ukipita barabarani. Nilisimama na kijiko cha mizani mkononi, nikageuka mlangoni kwa haraka ya mtu aliyeitwa, hadi mteja akaniuliza kama nimeibiwa kitu. Nilimwambia hapana, akasubiri, nikaanza kupima upya kwa sababu nilikuwa nimesahau nilipofika.

Siku ya kliniki iliyofuata sikumwambia mama kwamba nakwenda. Nilipiga simu asubuhi haikupokelewa, nikajua yuko shambani au simu iko chini ya mto. Nikaona vyema, nitamshtukiza. Kutoka Handeni niliendesha kwa adabu zote, mawe nikiyapita bila kukwaruza, na nilipoingia Kang'ata nilipunguza mwendo zaidi. Nilitaka mama alione gari vizuri, lilivyotulia. Sikupiga honi.

Mtu wa kijijini angenionya. Gari la kawaida huingia pale na haraka zake. Lina mzigo, lina abiria, linapigia kuku honi. Gari linaloingia polepole na kimya, likitafuta nyumba, ama limebeba maiti ama limebeba mtu mwenye habari. Hakuna aliyelifahamu gari langu bila kelele zake na rimu zake. Waliona tu gari geni likitambaa kuelekea nyumbani kwa mjane mwenye watoto wa mbali, wiki chache tu baada ya kumzika kaka yake.

Mama alitoka ndani mikono kichwani. Alikuwa ameshaanza kulia. "Ni nani?" alikuwa akisema. "Niambieni ni nani! Yupi?" Nyuma yake majirani walikuwa wanakuja kutoka mashambani, wengine na majembe, wanawake wakijifunga kanga kiunoni kwa namna ile ya watu wanaokwenda kupokea kilio. Nilifungua mlango na kusema, "Mama, ni mimi," na kwa dakika nzima hilo halikumsaidia, kwa sababu aliona ni mimi niliyetumwa kuleta habari.

Alipoelewa kwamba hakuna aliyekufa, alinipiga. Alinipiga kifuani kwa viganja vyote viwili, mama ambaye hakuwahi kunichapa tangu utoto wangu. "Kwa nini unakuja hivyo? Si ungepiga honi? Mdomo wa gari umeuuza?" Nilitaka kumwambia kwamba nimefanya yote kwa ajili yake. Nilijikaza nisiseme. Yule mtani mnene akafika akihema, akatutazama, akatazama gari, akaketi papo hapo chini kwa kicheko. "Mtoto huyu! Ulipokuja na kelele tulikucheka, umekuja kimya umetutoa machozi. Tukufanyeje?"

Tulikwenda kliniki. Mama aligeuka mgongo, akaketi kwenye kiti kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, amenyooka, kama mtu anayeketi kitini sebuleni. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula. Jioni nilimrudisha hadi mlangoni. Tulipita kwenye ile michongoma bila kupunguza mwendo, akashuka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya majirani, na mmoja wao akampokea kikapu. Nilirudi Korogwe nikiwa na amani. Nilisema moyoni, basi, jambo limekwisha.

Tangu hapo hakukosa kliniki hata mwezi mmoja, na hakutaja tena pikipiki. Daktari alisifu magoti yake. Mimi nilikuwa mtoto mwema, kila mtu alisema hivyo, hata yule mtani, ambaye utani wake ulipungua makali kwa kukosa la kuigiza. Gari nilikuwa naliosha pale linapochafuka sana. Jumapili nilibaki nyumbani, nikalala mchana, nikaamka na uchovu wa mtu aliyelala mchana. Wenzangu waliacha kunipigia simu. Sikuwalaumu, maana ningewaambia nini? Kwamba lina springi nne na zote ni za kawaida?

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Korogwe, tumeshavuka mto, lami iko mbele yetu tupu, na gari halina sauti hata ya kumwamsha mtoto. Mama alikuwa anatazama mashamba ya mkonge. Akasema, bila kunigeukia:

"Siku hizi huongei."

"Naongea, mama."

"Huongei. Unaniuliza kama nimekula, unaniuliza dawa ziko wapi, basi. Zamani tulikuwa tunafika nyumbani hujamaliza."

Nilimwambia kwamba zamani nilikuwa nasema upuuzi tu, mambo ya mabomba.

"Sikuwa naelewa mabomba," alisema. "Nilikuwa nasubiri uyamalize, kwa sababu ukishayamaliza ndipo unaponiambia mambo yako." Akayapapasa magoti. "Magoti haya yananiuma hata nikiwa kitandani, baba. Unadhani nilitambaa miezi yote ile kwa kuogopa kukuudhi?"

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Nilitafuta la kumwambia, na nilitafuta kwa bidii. Yalikuwepo. Tajiri yangu ameanza kusema duka halihitaji watu wengi. Mke wangu amekwenda kwao Lushoto, na sijui kama amekwenda kusalimia au amekwenda. Yote haya nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimezoea kuyafikia kwa njia ya rimu na mabomba, na njia ile nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu. Sikujua mtu anaanzaje tu, hivi hivi, kumwambia mama yake kwamba nyumba ina mtu mmoja.

Mama alisubiri. Kisha akanyoosha kidole kwenye taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikiwaka mbele yetu.

"Haya, na hii ni ya nini?"

"Ya mkanda, mama. Hujafunga."

Akafunga. Taa ikazimika. Akatazama mbele ya gari, huku na huku, kama mtu anayechagua kitu dukani, akagusa kitufe cha feni. "Na hiki?" Nikamwambia ni cha upepo. "Na hiki cha pembeni?" Nikamwambia ni cha taa za ukungu, hazitumiki huku. Aliuliza hivyo vyote, kimoja kimoja, hadi vikaisha, na kila alipouliza alinigeukia usoni na kungoja, kama zamani alivyongoja niyamalize mabomba, nami nikamjibu kile tu alichouliza.